Mashine 12 zilizosahau kila kitu

Ijumaa ile niliondoka kazini saa mbili usiku, mgongo unauma lakini moyo umetulia. Thini klaienti 12, zile kompyuta ndogo zinazofanya kazi kupitia seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, nilikuwa nimeziseti moja baada ya nyingine kwa mkono: printa, majira ya saa, kibodi, alama za kuingilia kwenye seva, ukurasa wa kwanza wa kivinjari, hadi picha ya skrini. Nikazizima zote vizuri, nikafunga mlango.

Jumatatu kabla sijaketi, dada wa mapokezi akaniita. "Kaka, hii ndiyo kompyuta uliyosema iko tayari?"

Nikaenda kuangalia. Skrini ilikuwa vilevile kama siku ilipotoka kwenye boksi. Printa hakuna, alama hakuna, kibodi imerudi ilivyokuwa. Nikaenda kwenye ya pili, ya tatu, hadi ya 12. Zote safi, kama zilizotoka kuoga.

Nakiri kwamba nilifanya jambo la aibu. Nilikwenda kumuuliza mlinzi kama kuna mtu aliingia kile chumba mwishoni mwa wiki. Mzee wa watu akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, ufunguo ulikuwa nao wewe." Nimeshamwomba radhi. Aliyefuta kazi ya siku nzima ni mimi mwenyewe, pale nilipobonyeza kitufe cha kuzima.

Ninaandika haya kwa yeyote aliyekabidhiwa visanduku hivi bila kuambiwa tabia zake. Mimi vilinichukua karibu mwaka mzima kuvielewa, na katika mwaka huo nilirudia kazi ileile mara nne.

Kwanza mashine yenyewe. Thini klaienti ni kisanduku kidogo, aghalabu hakina hata feni, wala hakina diski inayozunguka. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha skrini inayotoka kwenye seva na kupeleka kule kila unachobofya na kuandika. Mfumo wake mzima umekaa kwenye kipande cha flashi, kumbukumbu isiyofutika mashine ikizimwa. Vya kwetu vilikuwa na giga 16 za flashi na giga 4 za RAM (kumbukumbu ya muda, inayofutika mashine ikizimwa), na ndani yake Windows 10 IoT Enterprise. Ukishaitoa Windows yenyewe kwenye hizo giga 16, unabaki na nafasi ya kugeukia tu.

Waliozitengeneza wanajua kwamba flashi hiyo ni ndogo na kwamba inachakaa kwa kuandikwa. Kwa hiyo mashine nyingi za aina hii huja filta ya kuandika ikiwa imeshawashwa. Kwenye Windows za siku hizi inaitwa Unified Write Filter, kwa kifupi UWF. Hukaa kati ya mfumo na flashi. Programu ikitaka kuandika kitu, filta inakipokea, inakiweka kwenye tabaka lililoko ndani ya RAM, halafu inaijibu programu kwamba kimeshaandikwa. Programu inaamini. Na wewe unaamini, kwa sababu ukifungua folda faili unaliona, na ukifungua mipangilio unaikuta ulivyoiacha. Yote yapo, ila yameandikwa mchangani, na kuzima mashine ndiyo maji kujaa.

Kinachoniuma ni kwamba dalili niliiona. Kona ya chini ya skrini, karibu na saa, kulikuwa na kufuli dogo ambalo mtengenezaji ameliweka kuonyesha kwamba filta inafanya kazi. Nililitazama siku nzima ya Ijumaa. Nilidhani ni antivirusi.

Nilipojua siri hiyo nilikasirika, na hasira hasara. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika uwfmgr filter disable, nikawasha upya, nikaseti kila kitu tena. Jioni nikazima na kuwasha: vitu vyote vipo. Nikarudia kwenye zote 12. Hapo ndipo nilipotakiwa kurudisha filta. Sikurudisha. Nilijiambia nitaziacha hivyo wiki moja, nikikumbuka kitu nilichosahau nikiongeze bila usumbufu. Hiyo wiki ilikuja kuwa miezi minane.

Na ilikuwa miezi ya raha, nisiseme uongo. Mtu akitaka printa nyingine, naongeza, inabaki. Mtu akibadilisha ukubwa wa herufi, unabaki. Niliwaambia wenzangu kwamba hiyo filta ni kitu cha kuwasumbua mafundi bure.

Mwezi wa nane mhasibu aliniita. Alibonyeza herufi moja mbele yangu, tukahesabu pamoja hadi tatu ndipo ikatokea. Nikafungua hifadhi ya C nikakuta megabaiti 190 ndizo zimebaki. Nikaenda kwenye nyingine: megabaiti 400, giga moja na ushee, megabaiti 60. Ile ya megabaiti 60 ilikuwa inagoma hata kumfungulia mtu akaunti yake.

Nilitumia siku mbili kutafuta nafasi imekwenda wapi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu majibu hayakuwa nilivyotegemea. Nilitegemea kukuta video za watu. Nilichokuta kwanza ni masasisho ya Windows: mfumo ulikuwa unayapakua na kuyarundika kwenye folda ya SoftwareDistribution, kisha unashindwa kuyasakinisha kwa kukosa nafasi, kisha unayajaribu tena. Cha pili ni akaunti. Kila mtu aliyewahi kuingia kwenye mashine aliacha folda yake, hata kama aliingia mara moja kuchapisha ukurasa mmoja. Mashine ya chumba cha mikutano ilikuwa na folda 23. Cha tatu kilikuwa faili la kubadilishana kumbukumbu, pagefile.sys, ambalo Windows hulitumia RAM ikibanwa, giga 2 kamili, na huyo nilimleta mimi. UWF inapowashwa kwa mara ya kwanza huzima faili hilo, pamoja na mambo mengine kama kurejesha mfumo na kufahirisi mafaili. Mimi nilikuwa nimeliwasha tena siku moja baada ya kuona onyo la kumbukumbu kupungua, nikasahau.

Cha nne nilicheka nilipokiona. Kwenye mashine ya mhasibu kulikuwa na kazi moja ya printa ya megabaiti 340, imekwama kwenye foleni tangu miezi mitano nyuma. Alikuwa amejaribu kuchapisha kitabu cha picha, printa ikakataa, akaondoka. Kazi ile ilikaa pale inamsubiri.

Namna nilivyosafisha ni hii. Foleni ya printa nilisimamisha huduma yake kwanza, nikafuta yaliyomo, nikaiwasha tena. Folda za watumiaji nilizifuta kupitia mipangilio ya mfumo, kwenye orodha ya wasifu wa watumiaji. Usiende kufuta folda kwa mkono, kwa sababu rejistri, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, itabaki inamkumbuka mtu ambaye folda yake haipo, na akiingia tena atapewa wasifu wa muda unaopotea kila anapotoka. Nilifanya kosa hilo kwa watu wawili. Kwenye mashine tatu nilikuta faili la usingizi, hiberfil.sys, nikaliondoa kwa powercfg /h off. Faili hilo kwenye Windows 10 kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, na thini klaienti haina sababu ya kulala namna hiyo, izimwe tu. Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe, inatisha kwa ukubwa wake, lakini usiiguse kwa mkono hata kidogo. Amri ya dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup ndiyo inayojua kipi cha kuondoa. Mwisho nikatumia compact /compactos:always, inayobana mafaili ya mfumo wenyewe. Ilichukua zaidi ya nusu saa kwa kila mashine, na kila moja ikanirudishia zaidi ya giga moja.

Moja kati ya hizo 12 haikusubiri kusafishwa. Asubuhi moja iliwaka ikasema hakuna kifaa cha kuanzia. Flashi yake ilikuwa haionekani hata kwenye BIOS, ile programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyeiua, flashi hufa pia kwa sababu zake. Ila najua nilivyoitendea.

Flashi haiandikwi juu ya kilichopo kama daftari la penseli. Ili sehemu iandikwe upya lazima kwanza ifutwe, na hufutwa kwa bloku nzima, hata kama unabadilisha mstari mmoja. Kila bloku ina idadi ya kufutwa inayoweza kuvumilia. Zile flashi za zamani za SLC, zinazohifadhi biti moja kwa seli, hufika kwenye mizunguko kama 100,000. Zile za TLC, zenye biti tatu kwa seli, hukadiriwa kati ya 1,000 na 3,000. Kidhibiti kilichomo ndani hujitahidi kugawa kazi ili bloku zote zichakae kwa pamoja, lakini kinahitaji nafasi tupu ya kuchezea. Flashi ikijaa, kidhibiti kinalazimika kuhamisha data huku na kule ili tu kupata bloku moja ya kufuta, kwa hiyo uandishi mdogo wa mtumiaji unazaa uandishi mkubwa wa ndani. Mashine iliyojaa, yenye pagefile inayochemka na masasisho yanayojaribiwa kila usiku, ndiyo hali mbaya kuliko zote. Nilizifanyia hivyo zote 12 kwa miezi.

Basi nikarudisha filta, safari hii kwa adabu. Utaratibu niliouandika kwenye karatasi na kuubandika ukutani ni huu: zima filta, washa upya, fanya badiliko moja, lijaribu, washa filta, washa upya, kisha hakikisha. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka. Amri ya uwfmgr get-config huonyesha hali mbili: hali ya sasa, na hali itakayokuwepo baada ya kuwasha upya. Usiku mmoja nilisoma upande usio wangu. Niliona neno la kuwashwa, nikafurahi, nikaanza kufanya majaribio ya hovyo nikijua yatafutika. Kumbe kuwashwa kule kulikuwa kwa safari ijayo. Kwa wakati ule filta ilikuwa imezimwa na kila upuuzi wangu ulikuwa unaandikwa kwenye flashi. Tangu hapo huweka kidole kwenye skrini nikisoma: hii ya sasa, hii ya baadaye.

Kisha likaja swali gumu: kipi kikumbukwe? Filta inaruhusu kutaja mafaili au folda zinazopita moja kwa moja hadi kwenye flashi. Nilianza kwa ukarimu. Nikaruhusu folda nzima ya watumiaji, nikaona nimemaliza, kila mtu atabaki na mambo yake. Baada ya wiki sita nafasi ikaanza kuisha tena, kwa sababu kashe ya kivinjari (nakala za kurasa zilizofunguliwa), mafaili ya muda na takataka zote za mtumiaji zinakaa humohumo. Ilikuwa sawa na kutokuwa na filta, tofauti ni kwamba sasa nilikuwa najidanganya ninayo.

Mara ya pili nilikuwa bahili. Nilikaa na wenzangu nikawauliza kila mmoja kitu gani akikikosa asubuhi atakasirika. Majibu yalikuwa machache ajabu. Watu wanne walitaja orodha ya seva wanazoingia. Wawili walitaja mpangilio wa kibodi. Mmoja alitaka picha ya mtoto wake kwenye skrini, nikamwekea kabla ya kuwasha filta, basi imekaa humo daima. Mhasibu alisema hahitaji kitu, ila printa isiguswe. Mwishowe nilitoa ruhusa kwa folda moja tu, ya mipangilio ya programu ya kuingilia kwenye seva, kwa uwfmgr file add-exclusion ikifuatiwa na njia kamili ya folda. Ruhusa hiyo inaanza kazi baada ya kuwasha upya, kwa hiyo usishangae ukijaribu palepale usione kitu. Kwa badiliko dogo la mara moja hakuna haja hata ya ruhusa: uwfmgr file commit na jina kamili la faili husukuma faili hilo moja kutoka kwenye RAM hadi kwenye flashi, filta ikiendelea kuwaka. Kwa rejistri kuna ndugu yake, uwfmgr registry commit. Laiti ningeijua amri hiyo ile Jumatatu ya kwanza.

Nilidhani nimefika. Wiki mbili baadaye mashine ya mapokezi ikaanza kuganda kila baada ya siku tatu nne, nyakati za alasiri. Ikizimwa na kuwashwa inapona. Dada yule hakuwa akiizima usiku, alikuwa akizima skrini tu, na alikuwa na kivinjari chenye kurasa 30 wazi. Lile tabaka la RAM lina kikomo. Lisipobadilishwa ni megabaiti 1024, na onyo hutolewa likifika 512. Likijaa, hakuna kinachoweza kuandikwa tena, na Windows isiyoweza kuandika hata kumbukumbu zake ndogondogo huchanganyikiwa. Hakuna dawa ila kuwasha upya.

Nilianza kufuatilia kwa uwfmgr overlay get-consumption, asubuhi, mchana na jioni, nikiandika namba kwenye daftari. Siku ya kwanza: 140, 310, 480. Siku ya pili ilianzia pale ya kwanza ilipoishia. Hapo nikaelewa kwamba kila siku isiyozimwa inaibeba ya jana mgongoni. Niliongeza ukubwa hadi 2048, jambo linalofanywa filta ikiwa imezimwa, lakini kumbuka kwamba unaikata RAM ileile inayotumiwa na programu. Kwenye giga 4 sikuthubutu kupita hapo. Kilichomaliza tatizo hasa ni kuwekea zote ratiba ya kujiwasha upya saa tisa usiku. Kile kilichonitesa siku ya kwanza, yaani kufutika kwa kila kitu, ndicho sasa nilikuwa nakiomba kitokee kila usiku.

Pigo lililofuata lilikuja taratibu, mashine moja leo, nyingine kesho kutwa. Mtu anaandika jina na nywila sahihi, mashine inamjibu kwamba uaminifu kati yake na seva ya domeni, yaani seva inayotambua kompyuta na watumiaji wote wa ofisi, umevunjika. Nikaziunganisha upya na domeni, zikapona, baada ya kama mwezi zikaanza tena. Sababu yake ni kitu ambacho mtumiaji hakioni: kompyuta iliyojiunga na domeni ina nywila yake yenyewe, na kwa kawaida huibadilisha kila baada ya siku 30. Mashine inabadilisha, seva inaandika mpya, mashine nayo inaandika mpya lakini kwenye lile tabaka la RAM. Usiku inajiwasha upya, inaamka na nywila ya zamani, inabisha hodi, seva haimtambui mgeni. UWF ina kipengele maalumu cha kuruhusu ufunguo huo wa rejistri ubaki, na kingine kama hicho cha leseni ya kuingilia seva kwa mbali. Viwashe vyote viwili mwanzoni, kabla hujawasha filta. Hicho cha leseni ukikisahau, mashine inaweza kwenda kuomba leseni mpya kila inapoamka kama mtu aliyepoteza kitambulisho, hadi leseni za seva zinaisha na huelewi nani amezichukua.

Masasisho nayo yana njia yake. Filta ikiwa imewashwa, sasisho likisakinishwa mchana linafutika usiku, na kesho linapakuliwa tena. Uwfmgr servicing enable, kisha kuwasha upya, hupeleka mashine kwenye hali ya matengenezo: inaingia yenyewe kwa akaunti maalumu, inasakinisha masasisho ya Windows, inarudi na filta yake. Nafanya hivyo mara moja kwa mwezi, nikiwa nimehakikisha kwanza kuna giga 3 tupu.

Ile mashine iliyokufa nilitaka kuibadilishia flashi tu, na hapo nilipata somo la milimita. Nilikuwa na nakala kamili ya mashine nzuri, niliyoichukua kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, na kuiweka kwenye diski ya nje. Flashi mpya ilikuwa ya giga 16, sawa na ya zamani, angalau kwenye maandishi ya juu. Clonezilla ikakataa. Flashi mpya ilikuwa pungufu kwa megabaiti chache, kwa sababu giga 16 ya mtengenezaji huyu si giga 16 ya yule, na nakala huhitaji mahali pasipo padogo kuliko ilikotoka. Niliirudia nakala nzima baada ya kupunguza patisheni (sehemu ya flashi yenye mfumo) ya asili kwa giga moja, na sasa kila nakala naichukua hivyo. Pia naichukua kabla mashine haijajiunga na domeni, filta ikiwa imezimwa. Nakala yenye utambulisho wa mashine nyingine ni mgogoro mwingine kabisa.

Si kila mpangilio unakaa kwenye flashi, hilo nalo lilinipotezea asubuhi nzima. Mashine moja ilikuwa ikiamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na kivinjari kinakataa kila tovuti kwa kudai vyeti vya usalama havijaanza kutumika. Nilizima filta, nikarekebisha saa, nikawasha filta, haikusaidia. Ilikuwa betri ndogo ya mviringo kwenye ubao, ile ya CMOS, inayoiendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Niliibadilisha kwa dakika tano.

Kulikuwa pia na kisanduku kikongwe kabatini, flashi ya giga 1, RAM giga 1, ambacho hakuna Windows ya leo ingekikubali. Nikakiwekea Tiny Core Linux, mfumo mdogo sana wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa majaribio, nikakuta falsafa ileile ya kusahau, ila humu imewekwa wazi. Mfumo unapakiwa kwenye RAM kila unapowaka. Programu zinakaa kwenye folda ya tce ndani ya flashi. Mipangilio yako inafungwa kwenye faili moja, mydata.tgz, wakati wa kuzima. Kinachofungwa ni kile tu kilichoandikwa kwenye /opt/.filetool.lst, na mwanzoni orodha hiyo ina mistari miwili: home na opt. Nilihariri /etc/hosts ili kisanduku kiijue seva kwa jina, nikazima, ikapotea. Safari hii sikumuuliza mlinzi. Niliongeza mstari wa tatu, etc/hosts, bila mkwaju (/) wa mbele kama ile miwili iliyotangulia.

Kosa langu humo lilikuwa jingine. Nilipakua mafaili makubwa, yakaingia kwenye folda ya home, na home iko ndani ya RAM na pia ndani ya orodha ya kufungwa. Kuzima kukaanza kuchukua dakika sita, kisanduku kinahangaika kubana megabaiti 600. Siku moja nilichoka kusubiri nikachomoa waya. Mydata.tgz ikakatika katikati na kisanduku kikaamka hakinijui. Mafaili makubwa sasa yanakaa moja kwa moja kwenye flashi, chini ya /mnt/sda1, na kwenye home nimeweka kiungo tu cha kuyafikia. Kwenye mstari wa kuwashia nimeongeza neno safebackup, linaloacha nakala ya jana pembeni kabla ya kuandika ya leo. Na kabla ya kuzima huangalia ukubwa wa home kwa du -sh. Ukizidi megabaiti 20 najua nimeacha kitu mahali pasipo pake.

Wiki iliyopita dada wa mapokezi alinipigia simu tena. "Kaka, safari hii ni kinyume. Jana nilibadilisha rangi ya skrini nikaharibu, nikasema kesho itarudi yenyewe. Haijarudi."

Nikashuka. Rangi ilikuwa ya zambarau kali, herufi nyeusi juu yake, macho yanauma. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika uwfmgr get-config, nikaweka kidole kwenye skrini. Ya sasa: imezimwa. Ya baadaye: imezimwa. Kando ya kibodi kulikuwa na karatasi ya kunata, mwandiko wangu, tarehe ya siku tisa nyuma: "Filta nimeizima niongeze printa. Narudi sasa hivi."